Mafuta ya mshipani

Kama muuguzi wa usingizi, sikubali dozi kubwa ya ganzi ichomwe kabla sijaiona chupa ya mafuta meupe kama maziwa. Ni mafuta ya soya, yaliyochanganywa na maji kwa msaada wa lesithini ya kiini cha yai. Arvid Wretlind wa Sweden aliyatengeneza ili kuwalisha kwa mshipa wasioweza kula. Watoto njiti bado yanawafaa sana. Mwaka 1998, Guy Weinberg na wenzake Marekani walionyesha kwa panya kwamba yanaokoa moyo uliolemewa na bupivakaini, yaani ganzi yenyewe! Mafuta huiondoa sumu kwenye moyo na kuipeleka inakoweza kusagwa. Mgonjwa wa kilo 60 aliyelemewa na ganzi huanza na mililita 90 za asilimia 20, kwa dakika mbili au tatu. Moyo ukisimama, kifua hakiachwi kukandamizwa.