Mutura Imeonewa

Alhamisi, usiku.

Nimefika nyumbani saa tatu, miguu imevimba kwa kukalia viti vya plastiki mchana kutwa, na aibu haijanitoka. Leo Baba amezibuliwa mshipa wa moyo kwa puto, mara ya pili, mahali palepale. Palepale kabisa, ndani ya stenti (kijibomba cha wavu wa chuma cha kuuweka mshipa wazi) aliyowekewa mwaka juzi.

Niungame kwanza. Mwezi uliopita alianza kusimamasimama kwenye ngazi (tunakaa orofa ya nne, Umoja, na lifti ni hadithi), mkono kifuani, akijifanya anatafuta funguo. Badala ya kumpa pole nilimfokea. "Baba, umerudia mutura!" Kuna kijana anayeichoma, hiyo soseji ya utumbo uliojazwa nyama na damu, pale steji jioni, na urafiki wao umenitia shaka siku nyingi. Akanitazama tu. "Mama, sijaonja tangu Pasaka." Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Sikumwamini.

Leo daktari ametuonyesha picha. Mstari mweusi mnene unashuka vizuri, ghafla unakonda kama uzi, kisha unanenepa tena. Baba, aliyefanya kazi ya mabomba miaka thelathini, akauliza kifundi: "Hiyo si takataka imejikusanya? Kwaruza utoe."

"Mzee, bomba halina uhai," daktari akasema. "Mshipa unao."

Puto likitanuka na stenti ikikandamizwa ukutani, mshipa unaumia, na kilichoumia hujiponya. Seli za misuli ya ukuta huzaana na kuvifunika vile vyuma. Kwa watu wengine hazijui kukoma, na kovu linajaa hadi njia inabanwa. Kisukari huchochea, na Baba anacho. Mafuta nayo yanaweza kujijenga upya ndani ya stenti miaka ikipita, ila kifaa kidogo cha kupigia picha walichopitisha ndani ya mshipa kilionyesha kovu.

Kovu! Na mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu.

Nikimsubiri nilisoma kwenye simu. Andreas Grüntzig alipoanza kutumia puto kwenye mishipa ya moyo huko Zurich, mwaka 1977, kikwazo kikubwa kilichojitokeza kilikuwa hiki hiki: karibu mgonjwa 1 kati ya 3 alibanwa tena, mara nyingi ndani ya miezi sita. Stenti zikaja mwaka 1986, baadaye zile zilizopakwa dawa, na wanaobanwa tena wakapungua hadi chini ya 1 kati ya 10 hivi. Baba, ambaye hajawahi kushinda hata kuku wa bahati nasibu, yumo kwenye hao wachache.

Puto la leo lilipakwa paklitaxeli, dawa inayotibu pia saratani. Linajazwa, linashikiliwa kama dakika moja ili ukuta unyonye dawa, linatolewa. Baba akauliza kwa nini wasiongeze stenti nyingine. Daktari akamweleza kwamba kila chuma ndani ya chuma kinapunguza nafasi. "Ah! Hapo nimekuelewa," akasema. "Bomba ndani ya bomba, mwishowe maji yanapita wapi?"

Bili sitaiandika hapa. Shangazi alipiga simu: "Mmemlisha nini tena?" Nikamwambia ni kovu. "Kovu linaliwa?" Nikamwachia hapo.

Jioni nilimkuta ameketi, kifundo cha mkono kimefungwa mkanda pale walipopitisha mrija, chai inapoa kando. Nikasema, "Baba, nisamehe kwa yale ya mutura."

Akanywa funda. "Kwa hivyo imeonewa?"

"Imeonewa, lakini haijaachiliwa. Sukari na mafuta bado tunavichunga, na zile tembe huachi hata siku moja."

Akageukia dirisha, akakaa kimya kitambo. "Basi ukipita steji umsalimie yule kijana," akasema. "Anadhani nimemkasirikia."