Meno ya bandia ya kuvua: kulabu ndizo huanza kuharibika

Kitako cha akriliki (plastiki ngumu) au chuma kinachokaa juu ya ufizi, meno yenyewe, na kulabu za waya zinazoshika meno yaliyobaki: ndivyo vilivyomo. Kulabu huharibika kwanza, na mara nyingi kosa ni la mvaaji. Anayang'ata yaingie badala ya kuyasukuma kwa vidole. Waya unapinda, kitako kinapasuka. Ukivua, vuta pande zote mbili kwa pamoja.

Siku za mwanzo mate hujaa na herufi "s" huteleza. Hayo hupita. Kidonda je? Rudi kliniki, na uyavae saa kadhaa kabla ya kwenda ili daktari aone alama ya panapobana. Kuyachonga kwa tupa au kuyabandika kwa supaglu nyumbani ni kuyaua.

Usiku yavue, yasugue kwa brashi laini na sabuni ya maji juu ya beseni lenye maji (yakiponyoka, yasivunjike), kisha yaloweke. Maji ya moto huyapinda, dawa ya meno huyakwaruza, jiki hula chuma. Jino la asili lililoshikwa na kulabu lipigwe mswaki kuliko yote: chakula hujificha hapo, na likitoboka likang'olewa, kulabu haina pa kushika.