Nilivyokielewa kifungo cha peptidi kwa boksi la sabuni na mayai mawili

Nikiwa kidato cha tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), niliikariri mada ya protini kama shairi. Amino asidi zote 20, yale matofali yanayojenga protini, nilizitaja bila kukwama. Ila ukiniuliza mbili zinashikana vipi, nilichora kistari katikati yake na kunyamaza.

Likizo ya Desemba nikachukua boksi tupu la sabuni, nikalikata vipande vya ukubwa wa karata. Kila karata ikawa amino asidi moja: kushoto kundi la amino, H₂N, kulia kundi la kaboksili, COOH, katikati kaboni, na juu yake ule mkono wa pembeni unaozitofautisha. Kwa glaisini mkono huo ni hidrojeni tu, kwa alanini ni CH₃. Nikajiwekea sharti: karata mbili hazigundishwi mpaka nimekata OH kwenye kaboksili ya moja na H kwenye amino ya nyingine. Pale zinapogusana ndipo kifungo cha peptidi. Vipande vilivyodondoka, ukivijumlisha, ni maji. Nikavitunza kwenye kiberiti kitupu. Hesabu ya uzito wa molekyuli nayo ikakubali: glaisini 75, alanini 89, toa maji 18, inabaki dipeptidi, yaani amino asidi mbili zilizoungana, ya 146.

Nikajipima kwa protini ya insulini, ambayo Frederick Sanger wa Uingereza alifumbua mpangilio wake, akapata Nobel mwaka 1958. Ina amino asidi 51, basi nikaandika upesi: maji 50. Nimekosa! Insulini ni minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, na kinachoishikanisha ni salfa. Vifungo vya peptidi ni 20 na 29, jumla 49.

Likabaki yai. Niliamini kabisa kwamba kulichemsha ni kukatakata minyororo. Shule ilipofunguliwa nikamwendea mtaalamu wetu wa maabara.

"Shikamoo, mwalimu. Yai likichemshwa, protini yake inavunjika?"

"Marahaba. Leta mawili, moja lichemshe, tulipime."

Testityubu zilikuwa tatu: ute mbichi, ute uliochemshwa na kupondwa, na glaisini. Kila moja tukaitia sodiamu haidroksaidi, kisha matone machache ya kopa salfeti. Ute mbichi ukageuka zambarau. Glaisini ikabaki bluu, maana haina kifungo cha peptidi. Kopa hutaka angalau viwili ndipo itoe zambarau. Nikakodolea macho ule uliochemshwa. Polepole, kandokando ya vile vipande vyeupe, ikatokea zambarau ileile.

Moyo ulinidunda. Kumbe moto hulegeza mikunjo tu. Minyororo ikifunguka hunasana, ndiyo maana yai hugandamana. Vifungo vya peptidi vimo vilevile. Kuvikata kunahitaji asidi kali ikichemka kwa saa nyingi, au vimeng'enya kama pepsini ya tumboni, na kila mkato hula molekyuli moja ya maji.

Usiku ule bwenini nikafungua kile kiberiti, nikaanza kuzibandua karata moja moja, kila kifungo nikikirudishia OH yake na H yake.