Pleilisti ya dada haijaisha mpaka leo

Jumapili usiku, watoto wamelala, nimekaa na chai imeshapoa. Wiki tatu zilizopita dada yangu aliyeko Muscat alinitumia voisi WhatsApp, "mdogo wangu nitafutie nyimbo nzuri za watoto za Kiswahili, hawa wanangu nikiwasemesha wananijibu Kiarabu na Kiingereza, nimechoka". Nikamjibu faster kama mtaalamu, kesho nakutumia. Kesho gani hiyo, hadi leo.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nikaingia YouTube, nikaandika nyimbo za watoto, nikampa simu bint yangu wa miaka minne anisaidie kuchagua, mi nikaenda kukaanga samaki. Kurudi bando limekata na mtoto katoa macho kama mjusi kabanwa na mlango, yaani zile katuni zinajifungulia zenyewe moja baada ya nyingine hazina mwisho. Na nyingi ni zilezile za mabasi na vidole za Kiingereza, zimetafsiriwa neno kwa neno halafu zimebandikwa kwenye mdundo uleule. Wiki nzima mtoto akawa anasema KIdole badala ya kiDOle, nikashangaa hii lafudhi kaitoa wapi, kumbe kwenye wimbo mkazo umeangukia pale kwa sababu sauti ya Kizungu ndo inataka hivyo. Sasa fikiria wale wa Muscat ambao Kiswahili chenyewe wanakidokoa dokoa, ukiwapa hiyo si ndo umewapoteza kabisa.

Za Ubongo, wale wa katuni za kufundisha watoto, nimeziweka, hizo sina neno nazo. Ubongo Kids walianza 2014 hapa hapa Dar, na kwa wadogo zaidi kuna ile ya Akili, mtoto wa miaka minne anayekaa chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaenda Lala Land kujifunza kuhesabu na herufi. Bint yangu anajua kabisa wana umri sawa, na kuna siku alikataa kuamshwa eti bado yuko Lala Land. Kiswahili chao kinatembea kama watu wanavyoongea. Ila kaka yake ana miaka tisa, akiisikia hiyo anatoka sebuleni anasema mambo ya watoto. Hapo ndo nikaanza kuwaza, hivi kwa nini natafuta nyimbo "za watoto" tu, mi mwenyewe utotoni nani aliniwekea nyimbo za watoto? Nilisikiliza redio ya baba.

Basi nikafungua ya baba. Sikinde, yaani Mlimani Park, ile bendi ya dansi ya zamani. Zile nyimbo zinaanza taratibu, mtu anasimulia kisa chake cha nyumbani, unasikiliza kama hadithi, halafu magitaa yanachanganya, inakuja chemko. Watoto wangu sehemu ya kwanza wamekaa wanakula karanga, wanauliza huyu kafanyiwa nini na mkewe, wanasubiri. Chemko likianza karanga zinamwagika. Dakika kama kumi wimbo mmoja, na hakuna anayeomba katuni. Hiyo imeingia kwenye pleilisti.

Taarab nilikosea. Bibi yao, yaani mama yangu, alikuja kutoka Pangani na yeye hakai bila taarab, na hizi za siku hizi unazijua, mipasho mitupu. Mi nikasema mtoto haelewi mafumbo, aache asikie ladha ya lugha. Hee! Asubuhi moja tuko uani, jirani tuliyekuwa hatuongei naye vizuri kwa ajili ya bomba la maji kapita na ndoo yake, bint kamwimbia ubeti mzima na kiuno kashika. Hakuna aliyemtuma. Jirani hadi leo anaamini nilimtuma mimi.

Nikahamia bashraf, zile taarab za Unguja zisizo na maneno, ala tupu. Tafuta za Culture Musical Club, hao wapo tangu 1958. Tunacheza mchezo wa kutambua, hii kanuni, hii udi, hii fidla, hii nai. Wa miaka tisa anashinda mara nyingi ila anatamba mno. Na maneno hamna kwa hiyo ujirani uko salama.

Ya usiku ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyekuja kukaa Bagamoyo, kafariki 2003. Ile ilimba yake, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, inadondoka kama mvua kwenye bati, halafu sauti yake inapanda juuu mpaka unajiuliza ni mtu yuleyule au ni mwingine. Anaimba Kigogo, hatuelewi hata neno, na kwa kulaza mtoto naona ni bora zaidi maana hakuna cha kuulizia. Dada atalalamika kwamba aliomba Kiswahili. Nitamwambia na watoto wake wajue Dodoma ipo.

Basi juzi Alhamisi umeme ukakatika saa moja jioni, simu yangu ina asilimia kumi na moja, pleilisti yote nzuri ya wiki tatu ndo haina kazi. Giza, joto, watoto wanaanza kugombana. Mama akasema nyie simameni shikaneni mikono. Akaanza, ukuti ukuti, wa mnazi wa mnazi, na sisi tukaitikia tunazunguka pale sebuleni tunagonga meza, tukifika watete watete watetemeka wote chini tunatetemeka. Hata huyu mkubwa wa mambo ya watoto katetemeka kuliko wote. Nikawasha kurekodi, simu nimeilaza kwenye kabati.

Kisha ikaja nyama nyama. Unajua inavyoenda, anayeongoza anataja, ya ng'ombe, wote tunaruka tunasema nyama, ya mbuzi nyama, halafu anakutega ya kiti, ukiruka umetoka. Hiyo mtu unaweza kuimba mpaka asubuhi maana maneno unayatunga mwenyewe. Mama hakuwa na huruma, alinitoa mimi kwa "ya bajaji". Ya pweza ikaleta kesi, mkubwa anasema pweza si nyama ni kitoweo, bibi yake akamwambia wewe utakuwa wakili.

Ijumaa asubuhi nikamtumia dada ile rekodi peke yake, nikamwambia pleilisti inakuja. Hakujibu mchana kutwa nikajua hajaipenda, inakwaruza, mwanzo wote ni mama anakohoa. Usiku ikaingia voisi. Nyuma nasikia miguu inazunguka kwenye vigae na watoto wanaimba watete watete, mmoja anasema tatatata tu. Dada anacheka, anasema mdogo kamuuliza mnazi ni nini, kamwonesha mtende dirishani akamwambia kama ule ila si ule, sasa mtoto anadai apelekwe kwenye minazi ya kweli na eti Salalah kule kusini mwa Oman ipo, ikabidi aahidi.

Halafu akauliza, mbona ile ya nyama imekatika pale kwenye ya kuku, wanangu wamebaki wameruka hawajui waendelee vipi. Umeme ulirudi dada. Wote walipiga kelele wakakimbilia tv, na mama peke yake ndo alibaki katikati ya sebule anasema ya bata.