Kumbukumbu ya mradi wa kathodi, wiki ya 11: rojo lililoganda

Wiki tatu zilizopita nilifungua kichupa cha rojo (unga wa kathodi, yaani upande chanya wa betri ya lithiamu, uliokorogwa na gundi ili upakwe) nikakuta limeganda. Nilichomeka kijiti, kikasimama wima kama mwiko kwenye ugali. Jioni iliyotangulia niliiacha mashine ikilizungusha, likiwa laini kama uji wa mtoto. Gramu tano za kathodi na siku tatu za tanuru zikaishia hapo.

Kwa mnaoanza kufuatilia leo: ninatengeneza NMC811, yaani katika sehemu kumi za metali, ukiacha lithiamu, nane ni nikeli, moja manganizi, moja kobalti. Nikeli ndiyo inayobeba chaji nyingi, karibu miliampea-saa 200 kwa gramu ukiichaji hadi volti 4.3, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Kiini cha tatizo ni lithiamu ya ziada. Tanuruni sehemu yake hupotea na joto, kwa hiyo unaizidisha kidogo. Mimi niliizidisha kwa asilimia 5. Inayosalia hukaa juu ya chembe, ikinyonya unyevu na kaboni dayoksaidi hewani, na kuwa kama magadi makali. Magadi hayo yakikutana na PVDF, gundi ya plastiki inayoshikanisha chembe, gundi inaharibika na rojo linaganda. Nilikoroga gramu moja ya unga kwenye maji safi nikachovya karatasi ya pH: buluu ya kukoza, zaidi ya 12, yaani magadi makali kweli. Kosa ni langu. Bakuli la unga lilikaa wazi mezani mchana kutwa, tena siku ya mvua.

Wengi huuosha unga kwa maji. Sikutaka, maana maji huchomoa lithiamu mpaka ile ya ndani ya chembe. Nilichukua asidi ya boriki, ile ile ya kuulia mende, nusu asilimia ya uzito, nikaisaga kavu pamoja na unga mpya, kisha nyuzi 300 kwa saa tano. Inayeyuka, inayala yale magadi, inabaki utando mwembamba wa kioo chenye lithiamu na boroni. Hapa nilifurahi kweli: uchafu ulioniharibia rojo ndio sasa unaoikinga kathodi dhidi ya elektroliti, kile kimiminika cha ndani ya betri.

Nusu ya unga niliiacha bila utando, ya kulinganishia. Wote niliutoa tanuruni ungali moto, moja kwa moja hadi kwenye kisanduku cha argoni, kisichoingiza hewa wala unyevu. Rojo halikuganda tena. Betri za kitufe sita, mizunguko 50: zenye utando zimebakiwa na asilimia 95 ya uwezo, zisizo nao 90. Mwanzoni utando ulininyima miliampea-saa 3 kwa gramu, na ninazikubali.

Nyufa bado. Karibu na volti 4.2 fuwele husinyaa ghafla, na kwa kuwa kila chembe ni bonge la vijichembe vingi, inapasuka na elektroliti inapenya ndani. Utando wa nje hauwezi kulizuia hilo. Nitajaribu chembe za fuwele moja moja, zinazohitaji joto kubwa zaidi. Hofu yangu ni kwamba joto hilo huisukuma nikeli kwenye nafasi za lithiamu na kuiziba njia ambayo lithiamu hupitia. Unga wa kwanza unaingia tanuruni Alhamisi.