Mstari uliokosekana kwenye daftari la baba

Taa iliwaka Jumapili, tarehe 9 Desemba 2018, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, wakati ule daraja la juu bado linajengwa. Taa ya njano yenye umbo la injini. Haikuwa inawaka na kuzimika, ilitulia tu pale kwenye dashibodi. Mama alikuwa kiti cha mbele, akaniuliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia nitaangalia kesho.

Gari lilikuwa la baba. Dogo, la Kijapani, la mwaka 2001, na mita yake ilikuwa imeshapita kilomita 312,000. Baba tulimzika Rombo mwezi Agosti mwaka huohuo, na Krismasi ile ilikuwa ya kwanza bila yeye. Mama alishasema: hataki basi, anataka kwenda kaburini kwa mumewe na gari la mumewe. Tulipanga kuondoka Alhamisi tarehe 20.

Jumatatu nililipeleka gereji moja mjini. Kijana alichomeka mashine, ikaandika kodi, yaani namba ya ubovu: P0171. Akaniambia hiyo ni sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari, imekufa. Nikalipa shilingi 150,000, sensa ikafungwa, akachomoa waya wa betri kwa dakika kadhaa kufuta kodi, taa ikazimika. Alhamisi ikarudi. Jirani yangu akasema ni petroli chafu, chomoa betri itulie. Nikachomoa. Taa ikazimika tena, na mimi sikulala. Kutoka Dar hadi Rombo ni zaidi ya kilomita 500. Nilikuwa namwona mama amekaa juu ya mzigo pembeni mwa barabara, usiku, baada ya Segera.

Binamu yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ya uani, Tabata. Nilifika Ijumaa jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Gari lina nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taa iko wapi. Nikamwambia imezimika, nimechomoa betri. Akatikisa kichwa.

"Umemfukuza shahidi kabla hajaulizwa. Nenda nalo, liendeshe kama siku zote. Likiwaka, usiguse betri, njoo. Na kama marehemu aliacha karatasi zozote za gari, njoo nazo."

Sikuielewa subira hiyo, siku zenyewe zilikuwa zimebaki sita. Alinieleza kwamba kompyuta ya gari haiwashi taa kwa kasoro kama hii ikiiona mara moja. Huingoja ijirudie safari ya pili. Na ikiwasha, huhifadhi hali ya injini ya wakati ule: mwendo, resi (mizunguko ya injini kwa dakika), joto la maji. Nikichomoa betri vyote hivyo vinafutika, na ubovu unabaki palepale ulipo.

Taa iliwaka Jumatatu asubuhi, tarehe 17. Sijawahi kufurahia taa ya ubovu kama siku ile.

Mzee alichomeka kifaa kidogo kama kiberiti kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua simu yake. Kodi ileile. Kisha akanionyesha ile kumbukumbu: mwendo 0, resi 680, joto nyuzi 88. "Lilikuwa limesimama, limeshapata moto, liko sailensi, injini inazunguka bila kukanyagwa. Kwenye foleni, siyo?" Ndiyo, kwenye foleni.

Akanifafanulia kodi kama mwalimu wa darasa la kwanza. P ni injini na gia. Sifuri ni kodi ya magari yote, si ya kampuni moja. Moja ni mambo ya hewa na mafuta. Na 71, ikija pamoja na hizo, maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. "Unaona neno sensa hapo? Halipo. Sensa yako ndiyo iliyopeleka habari. Ile uliyoitupa ilikuwa inasema kweli."

Maneno hayo yaliniuma, maana shilingi 150,000 zilikuwa za nauli na chakula cha wageni.

Kisha akanionyesha namba moja ambayo tangu siku ile ndiyo ninayoitazama kwanza: asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ikiwa karibu na sifuri, kompyuta hailazimiki kusahihisha sana. Yetu, sailensi, ilikuwa 21 juu. Akaniambia nikanyage taratibu hadi resi 2,500 na nishikilie hapo. Namba ikashuka, 14, 9, ikatulia kwenye 5.

"Kama ni pampu ya mafuta imechoka, ukikanyaga inazidi kupanda. Hii inashuka. Maana yake kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia. Likiwa sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaonekana kubwa. Ukikanyaga inavuta nyingi, ile ya wizi inamezwa."

Ndipo akaomba daftari. Baba aliandika kila kitu: tarehe, kilomita, kifaa, bei. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, karibu nusu saa. Mimi nilikuwa nimesimama, nikitazama mwandiko wa baba mkononi mwa mtu mwingine. Plagi, mara nne. Pampu ya mafuta, 2015. Eya klina, kila mwaka. Radieta. Koili mbili.

"Marehemu alikuwa mtu makini," alisema. "Lakini mipira ya hewa, haya mabomba ya kupitishia hewa, haimo humu hata mara moja. Ina umri wa gari."

Alingoja injini ipoe, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu, akaliwasha na kupuliza dawa ya kusafishia kabureta, tone kwa tone, kuzunguka manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye injini, ili dawa ikivutwa kwenye ufa injini ibadili sauti. Hakuna kilichobadilika, hakuna, hakuna. Alipofika nyuma, kwenye mpira unaotoka kava ya valvu, kifuniko cha juu ya injini, kuingia manifoldi, injini ilibadili sauti. Akapuliza tena, ikabadilika tena.

Mpira ulipotoka ulikuwa mgumu kama kuni, na upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama mbele ya boneti, ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Joto la miaka 17. Mpira mpya ulikuwa shilingi 6,000. Namba ikashuka mpaka 3 tukiwa tunaitazama. Hapo tu ndipo alipofuta kodi, kwa simu, betri ikiwa mahali pake.

Alhamisi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Segera, Korogwe, Same, na macho yangu kwenye dashibodi kila baada ya dakika chache. Taa haikuwaka. Himo tukaiacha barabara ya Moshi, tukapanda Marangu kuelekea Rombo, mama akiwa kimya, mkono kwenye mlango.

Usiku ule, nyumbani, aliniomba daftari. Akausoma mstari niliouandika chini ya ule wa mwisho wa baba, wa mwezi Juni, matairi mawili ya mbele. Wangu ulisema: 17/12/2018, mpira wa hewa, sh. 6,000.

"Ile ya kwanza mbona hujaiandika?" akauliza. "Baba yako aliandika zote."

Nikachukua kalamu, nikaandika: 10/12/2018, sensa ya oksijeni, sh. 150,000.