Shaba iliposhuka, na kwetu mboga ikapungua

2008 nilikuwa fomu tuu, Uyole. Mzee alikuwa dereva wa lori, anapeleka mzigo Zambia anarudi na shaba ya kwenda bandarini Dar. Mdororo wa uchumi wa dunia tulikuwa tunausikia redioni tu, eti mabenki ya Marekani yameanguka, mama akasema hayo ya wazungu, akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Kumbe shaba ambayo katikati ya mwaka ilikuwa inapita dola 8,000 kwa tani, Desemba iko kama 3,000 hivi. Mgodi wa Luanshya huko Zambia ukafungwa, mingine ikapunguza watu, mzigo ukakata. Mzee akawa anashinda home, wiki ya kwanza tukafurahi maana hatukumzoea, wiki ya tatu anaosha lori ambalo hata halijatoka, mara agonge matairi, mara agombane na redio. Hakufukuzwa yani, bosi alimwambia subiri tutakuita, ila yeye alikuwa analipwa kwa tripu kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Na sio sisi tu, mama ntilie, mafundi pancha, magesti ya Tunduma pale mpakani, wote wanakula kwa dereva.

Jioni moja mama anamenya viazi akaniambia bila hata kuniangalia, "Mwanangu, usije ukategemea lori." Sa hivi nalima parachichi Rungwe (nazo bei yake inapangwa huko huko nje, lakini mama simwambii). Mzee alirudi barabarani, ila mpaka leo redio ikitaja shaba anaongeza sauti.